Picha ya Maktaba

Anayewajibika ni mhariri. Naliandika hili mwanzo kabisa ili msomaji asihangaike kulitafuta chini. Si mpigapicha, ambaye alifanya kazi yake vizuri miaka mingi iliyopita. Si mtambo wa kuchapia. Wala si "mtandao", neno ambalo siku hizi hubebeshwa kila kosa lisilo na mwenyewe. Gazeti lina mhariri, cheo chake kimechapishwa ukurasa wa pili kwa herufi ndogo, na kila kinachotoka kimepita mbele ya macho yake, au kilipaswa kupita.

Nilitumikia serikali katika masjala, kwanza Ngara, kisha Biharamulo, hadi nilipostaafu. Kwa wasioijua, masjala ni chumba kinachotunza majalada ya ofisi. Barua ikiingia inapewa namba, inawekwa katika jalada lake, na siku mkubwa akiiulizia inapatikana. Hatukuwa watu wa kusifiwa. Tulikumbukwa siku jalada lilipopotea. Kazi hiyo iliniachia tabia ambayo sijaiacha: situpi karatasi yenye maandishi kabla sijajua ina nini. Magazeti yangu nimeyafunga kwa kamba ya katani, kila mwaka fungu lake, katika makasha mawili yaliyo chumbani kwangu hapa Nyamahanga, nilikorudi kulima. Mke wangu huyaita wageni wasioaga.

Mara mbili kwa wiki hupanda bodaboda kwenda mjini Biharamulo kununua gazeti. Linaletwa na basi la kutoka Mwanza, mara nyingi likiwa limechelewa siku moja, na kwa hilo sijawahi kulalamika. Habari sahihi ya jana inanitosha.

Nilianza kushtuka kidogo kidogo. Siku moja nilikuta namna ya kutengeneza juisi ya tangawizi katika ukurasa wa tisa, kisha nikaikuta tena, neno kwa neno, ukurasa wa kumi na nne. Wiki nyingine palikuwa na makala ya kumfundisha dereva jinsi ya kuondoa theluji kwenye kioo cha gari. Mimi nimeishi Kagera maisha yangu yote, na ninashuhudia kwamba madereva wetu wanayo matatizo mengi, lakini si hilo. Halafu ikaja habari ya bei ya pembejeo, jambo linalotuhusu sana wakulima. Niliisoma kwa makini hadi aya ya tatu, ikakatika katikati ya sentensi, na chini yake pameandikwa: "Bofya hapa kusoma zaidi." Nililishika gazeti lile mkononi, karatasi tupu, nikaligeuza upande wa pili. Sijui nilitegemea kuona nini.

Mama anayeuza magazeti stendi aliniona nimesimama vile. Akaniambia nisisumbuke, kwamba wateja wake wengi siku hizi hawanunui la kusoma.

"Wananunua la kufungia, mzee," alisema. "Wewe peke yako ndiye unayelifungua."

Nilidhani anatania. Nikacheka, nikarudi nyumbani. Kwa hayo yote ningeweza kunyamaza, kama nilivyonyamaza kwa nyota za wiki, kwa mambo saba ya kumfanya mwenza wako akukumbuke, na kwa fumbo la maneno ambalo majibu yake yalikuwa ya fumbo jingine. Niliyaona ni makosa ya uvivu, nami nilijiambia kwamba uvivu wa mtu aliye mbali haumfikii mkulima wa Nyamahanga.

Nilikosea. Ulimfikia jirani yangu.

Jirani huyu ni mama mjane wa makamo yanayoelekea uzee. Shamba lake linapakana na langu upande wa bondeni. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapokewa Ngara, na baada ya miaka wakapewa uraia kwa taratibu zote, yeye akiwamo. Najua kwa sababu hati zile zilipita mezani kwetu masjala nilipokuwa karani kijana. Aliolewa huku, akazaa huku, akamzika mume huku. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kirundi, kama changu kilivyo na Kihangaza, na katika kijiji hiki hakuna aliyewahi kumwuliza ametoka wapi. Tunamwuliza mbegu zake za maharage amezitoa wapi, kwa kuwa zinashinda zetu.

Msimu huu kijiji chetu kilifikiwa na wapimaji. Kila mwenye shamba alikuwa anapimiwa mipaka, jina lake linapitishwa na halmashauri ya kijiji, kisha anaandaliwa hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa mjane asiye na karatasi yoyote ya ardhi isipokuwa kumbukumbu za majirani, hati ile ndiyo ukuta. Alinieleza mwenyewe kwamba hataki kufa na kuwaachia wanawe maneno. Alikuwa amekwisha kusimama mpakani na wapimaji, nami nilikuwa shahidi wake wa upande wa bondeni. Lililobaki lilikuwa jina kupitishwa tu katika kikao cha halmashauri.

Siku nne kabla ya kikao hicho gazeti lilitoka na habari kubwa ukurasa wa tano. Watu kadhaa, katika mkoa ulio mbali na wetu, walikuwa wamekamatwa na vyeti vya uraia vya kughushi. Sina neno na habari hiyo; kughushi ni kosa, na waliokosa wachukuliwe hatua. Lakini katikati ya ukurasa, juu ya maneno hayo, palikuwa na picha ya mwanamke ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa, mdomo wazi, kama mtu aliyeamriwa asitikisike. Chini yake maneno matatu: "Picha ya maktaba."

Alikuwa jirani yangu.

Niliweka gazeti magotini, nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Alikuwa yeye, tena amepungua miaka. Kitambaa chake cha kichwa, pengo lake la jino la mbele, vyote.

Kabla sijapata la kufanya, alikwisha kufika uani kwangu. Mpwa wake anayeuza ndizi kwa madereva wa malori pale Lusahunga aliuona ukurasa ule umefungiwa maandazi, akaupiga picha kwa simu na kumtumia. Mama yule aliniamkia shikamoo kama kawaida, nikamwitikia marahaba, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake. Hakulia. Aliuliza swali moja, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mzee, mimi maktaba niliingia lini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema kwamba katika magazeti maneno hayo yana maana ya picha ya zamani iliyohifadhiwa, inayotolewa wakati mwingine pasipo picha mpya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wamenihifadhi," akasema.

Nimetumia maisha yangu yote kuhifadhi kumbukumbu za watu, na sikuwahi kufikiri kwamba neno lile linaweza kumtisha mtu.

Kilichonisaidia ni ile mikono. Nilikuwa na hakika nimewahi kuiona. Niliingia chumbani, nikafungua kasha la pili, nikakata kamba za mafungu matatu kabla sijalipata toleo nililolitaka. Gazeti lilelile, jina lilelile, miaka mingi nyuma. Ukurasa wa kilimo. Picha ileile, lakini nzima: mama yule amesimama uwanjani kwake, ameinua ungo juu ya kichwa, maharage yanamwagika upande mmoja na makapi yanapeperuka upande wa pili, naye anacheka kwa sababu upepo umekuja wakati unaotakiwa. Chini yake jina lake kamili, jina la kijiji, wilaya na mkoa, na jina la mpigapicha.

Yeyote aliyeandaa ukurasa wa tano alikata juu na pembeni ili picha ienee kwenye nafasi yake. Alipokata juu, aliondoa ungo; alipokata pembeni, aliondoa maharage na makapi. Mkulima anayepepeta akawa mhalifu aliyesalimu amri.

Sitasahau jinsi nilivyoketi sakafuni na kurasa mbili zile, moja kila goti. Na nilikumbuka jambo jingine lililonizidishia mshtuko. Mwandishi aliyeleta ile picha ya kwanza alipita ofisini kwetu Biharamulo, akanikuta masjala, akaomba nimhakikishie jinsi jina la Nyamahanga linavyoandikwa. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Siku ya pili alipiga simu mara mbili kutoka Mwanza kuuliza tena, kwa sababu mhariri wake hakuridhika na kipande cha karatasi. Simu mbili kwa ajili ya jina la kijiji. Ndivyo gazeti lile lilivyokuwa.

Siku ya kikao nilikwenda na magazeti yote mawili ndani ya bahasha. Mtendaji wa kijiji, kijana mstaarabu, alikuwa anasoma majina na wajumbe wanaitikia. Lilipofika la jirani yangu, mjumbe mmoja alinyoosha mkono. Ni fundi cherehani, hana shamba jirani na mama huyo na hana ugomvi naye. Alimshonea sare za wanawe wote. Alitaka tu kuelezwa. Alisema cheti cha uraia cha mama huyo wanakijua, lakini habari yenyewe inahusu vyeti vya kughushi, na picha iliyowekwa ni yake, na imeandikwa imetoka maktaba.

"Maktaba ni ya serikali," alisema. "Serikali haiweki picha ya mtu bure."

Wengine waliguna kukubali. Nikaomba ruhusa, nikaeleza maana ya maneno yale kwa utaratibu, nikatandaza kurasa zangu mbili mezani. Walizikodolea macho kwa muda mrefu. Mwenyekiti alisema kweli ni picha moja. Hapo fundi akauliza kama masjala nilikofanya kazi na maktaba si ndugu wa damu.

"Si ndugu," nilijibu. "Masjala ni majalada."

"Basi mzee, na picha yako iko huko kwenye majalada?"

Kikao kilicheka. Hata jirani yangu alicheka, akiwa amekaa mwisho wa benchi na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni. Nami nilicheka kwa adabu. Lakini kicheko kilipokwisha, jambo lilibaki palepale. Mtendaji alieleza, bila ubaya wowote, kwamba yeye haoni shaka, ila jina likishatajwa kwenye jambo la kughushi, hata kwa picha, hawezi kulipitisha na kuweka muhuri kisha akaja kuulizwa na wakubwa. Aliahidi kuandika barua kwa mamlaka inayohusika kuhakiki cheti. Nilimwuliza hiyo itachukua muda gani. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa na mstaafu wa masjala swali ambalo mstaafu mwenyewe analijua jibu lake.

"Gazeti likisema lenyewe kwamba si yeye," mwenyekiti alihitimisha, "hapa hatuna neno. Tutapitisha siku hiyohiyo."

Wapimaji walikuwa wamebakiza wiki mbili kijijini.

Nilipiga simu kwenye chumba cha habari asubuhi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Siku ya nne alipokea mtu mmoja, sauti yake ya heshima, akaniamkia vizuri. Nilimweleza toleo, ukurasa, picha, jina, kijiji na madhara. Nilimsikia akibofya kitu.

"Ah, hiyo mzee ni picha ya maktaba tu," alisema. "Haina maana kwamba ni yeye."

"Kama haina maana kwamba ni yeye, kwa nini ni uso wake?"

Alinijibu kwa unyoofu ambao, mpaka leo, ndio ulionishtua kupita vyote.

"Mzee, ukurasa ulikuwa na nafasi. Tulikuwa tunajaza."

Nimewahi kusikia visingizio vingi katika utumishi wangu. Nimesikia kwamba jalada limeliwa na mchwa, kwamba barua ilisahauliwa kwenye koti, kwamba muhuri uliazimwa. Sijawahi kusikia mtu akikiri kwamba alichukua uso wa raia kuzibia tundu, kama tunavyoziba dirisha kwa gunia, na akakiri bila kujua kwamba amekiri. Yeye alidhani ananituliza. Alikata simu akiniahidi kwamba watatoa marekebisho.

Walitoa. Yalikuja siku ya tisa, chini ya nyota za wiki, katika sanduku lisilozidi kiganja cha mtoto. Nayanakili kama yalivyo: "Tunaomba ladhi kwa picha iliyotumika kimakosa katika toleo lililopita."

Nianze na hilo neno. Mimi ni mtu wa huku, na huku r na l hubadilishana zamu midomoni mwetu bila kugombana. Sina haki ya kumcheka mtu kwa hilo. Nikiwa karani mpya Ngara niliwahi kupiga chapa muhtasari nikaandika kwamba wajumbe "walipiga kula" na mapendekezo yakapitishwa. Mkubwa wangu alinirudishia karatasi na dokezo la mstari mmoja, akiuliza walikula nini. Niliuchapa upya muhtasari wote, kurasa nne, na tangu siku hiyo sijawahi kutoa karatasi bila kuisoma mara mbili. Ulimi ni wa mama, lakini karatasi ni ya ofisi. Gazeti linalosomwa nchi nzima halina ruhusa ya kuomba ladhi. Hata hivyo ningewasamehe herufi moja, kama sentensi ingekuwa na faida.

Haikuwa na faida. Haikutaja ukurasa. Haikutaja habari. Haikutaja jina, kijiji, wala kwamba mwanamke yule ni raia na mkulima asiyehusika na lolote. Tena ilisema "toleo lililopita", na toleo lililopita kabla ya hilo lilikuwa jingine kabisa, lenye picha kumi na moja, na hakuna hata moja yake. Niliipeleka hivyohivyo kwa mtendaji, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Aliisoma, akaisoma tena, akampa mwenyekiti. Fundi cherehani, ambaye tangu siku ya kikao alikuwa amekuja kwangu mara mbili kuuliza kama kuna barua, aliichukua naye, akafunua na lile toleo lililopita nililokuja nalo.

"Picha ipi sasa, mzee?" aliniuliza. "Hapa pana hata mcheza mpira."

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anataka kumsaidia, na hakupata pa kushika.

Wapimaji waliondoka kwenda kata ya jirani kwa siku waliyokuwa wamepanga. Kwenye ramani waliyobandika ofisi ya kijiji, mashamba yetu yote yana namba. La kwangu lina namba. Chini yake, upande wa bondeni, pamechorwa mistari ya mshazari, na pembeni ya ramani imeelezwa kwamba mistari ya mshazari ni eneo lenye suala. Jirani yangu alikwenda kuliona. Alirudi, akapita kwangu, akaniambia kwa utulivu kwamba ameliona shamba lake, wamelipiga viboko. Kisha akaenda kupalilia. Miaka yote niliyomjua nilizoea kumsikia akiimba akipalilia. Siku hizi nasikia jembe tu.

Mimi si mtu wa makelele, na sipendi magazeti kushambuliwa. Nimeyasoma, nimeyatunza, na kwa gazeti hilohilo nilipata ushahidi wa kumtetea mtu ambaye gazeti lilimwumiza. Hilo ndilo linalonifadhaisha. Kumbukumbu sahihi wanayo. Jina lake wanalo, limeandikwa na watu wao, na la kijiji chake limehakikiwa kwa simu mbili. Ilikuwa kazi ya kufungua faili na kusoma kilichoandikwa chini ya picha. Mtu hakusoma, na aliyekuwa juu yake hakuuliza kama amesoma. Ukurasa ukaonekana umejaa, nao wakaona yatosha.

Mtendaji ameniambia kwamba maadamu wapimaji wako ndani ya wilaya, anaweza kuwaomba warudi kwa shamba moja, iwapo atakuwa na karatasi ya kushika mkononi. Kwa sababu hiyo naandika haya, na nakala nimeituma kwa rejista, si kwa simu.

Namtaka mhariri wa gazeti hilo, yeye mwenyewe na si msaidizi wake, achapishe marekebisho katika ukurasa wa tano, kwa ukubwa wa picha iliyotumika, akitaja toleo lenye kosa, habari yenyewe, na jina kamili la mama huyu kama lilivyoandikwa katika toleo lao la kwanza. Aeleze kwa maandishi ni nani aliyeikata picha ile, ni nani aliyeidhinisha ukurasa, na ni utaratibu gani ulioruhusu uso wa mtu kutumika kujazia nafasi. Na aandike barua kwa halmashauri ya kijiji chetu kuthibitisha kwamba raia huyu hakuhusika kwa namna yoyote na habari ile. Samahani ya jumla haitapokelewa. Barua iwe na tarehe, kumbukumbu namba, jina, cheo na sahihi yake, na imfikie mtendaji wa kijiji kabla wapimaji hawajamaliza kata ya jirani.